Sanduku Lililofutwa Jina

Fundi Nyaya alisimama juu ya kigoda katika korido ya Mama Mkunga, akalitazama sanduku la kengele ya wezi kama mtu anayetazamana na ndugu aliyemkana. Lilikuwa sanduku la bati, rangi ya maziwa yaliyoungua, upana wake kama sinia la chai, na taa moja nyekundu pembeni juu. Chini ya taa palikuwa na kovu la mstatili, mahali ambapo zamani palikuwa na kibao chenye jina la kiwanda. Kibao kilikwanguliwa kwa patasi siku sanduku lilipofungwa, na waliokuwa wakikwangua vibao vya namna hiyo katika mji huo walikuwa watu wawili tu: yeye mwenyewe na mwenzake aliyeitwa Kamusi.

"Unalikodolea macho tu," Mama Mkunga alisema kutoka kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni. "Limekutukana?"

"Bado, mama. Nasubiri lianze."

"Basi likianza, lijibu. Mimi Jumapili nina kesi."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama Mkunga alikuwa mjane na mkunga mstaafu, na watu wazima wengi wa mtaa ule walipita mikononi mwake kabla hawajajua kulia. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake, na kila alipotoka au kwenda kulala alitega kengele. Alizungusha ufunguo mdogo ubavuni mwa sanduku, akaitazama taa nyekundu, akajiambia, "Haya, askari yuko zamu." Mwanawe wa pekee, afisa wa bima aliyeishi mji mwingine na mkewe na watoto, alikuja kumtembelea. Asubuhi moja, mama akiwa bado chumbani na kengele ikiwa bado imetegwa, sufuria ikaungua jikoni. Kijana akasukuma dirisha ili moshi utoke. Ndipo akakumbuka, akaziba masikio. Hakikulia kitu. Akaondoa mikono masikioni, akalifunga dirisha, akalifungua tena kwa makusudi. Kimya.

Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi mama yake, maana mtu mpole hugombani naye ukashinda. "Mama, Jumapili ijayo narudi. Nikifungua dirisha hili na kengele isilie, tunafunga mizigo, unakuja kukaa kwangu. Nyumba tutaipangisha."

Gari lake lilipokata kona tu, Mama Mkunga akamwita Fundi Nyaya. Hakumwomba. Mkunga haombi watu aliowazalishia. "Nilimpokea mwanao wa kwanza alfajiri, kitovu kimemzunguka shingoni," alimwambia kwenye simu. "Njoo utengeneze kengele yangu."

Msomaji atauliza, ni fundi gani huyo asiyejua kazi ya mikono yake? Jibu lipo, wala si la kupendeza.

Enzi za ujana wake, Nyaya alifanya kazi katika kampuni ndogo ya kufunga kengele, chini ya bosi ambaye mafundi walimwita Mzee Kifuniko. Mzee huyu alikuwa na imani moja tu maishani, kwamba mwizi akilijua jina la sanduku atajifunza kulizima. Kwa hiyo akaweka sheria. Kila sanduku likifungwa, kibao cha jina kikwanguliwe. Jina lililochapwa kwenye bodi ya ndani, yenye vifaa vya umeme, lipakwe rangi nyeusi. Bodi yenyewe igeuzwe, uso wake utazame ukuta, kisha ipigwe ribiti isifunguke. Na juu ya yote, vifuniko vichanganywe: kifuniko cha aina hii kivishwe sanduku la aina ile, ili mwizi akiona sura asijue tabia.

"Na sisi je, mzee?" Nyaya aliwahi kumuuliza. "Likiharibika, tutalijuaje?"

Mzee Kifuniko alijigonga kipaji cha uso. "Kampuni haisahau."

Kampuni haikusahau mpaka siku mzee alipokufa, na alipozikwa, yote ambayo kampuni ilikuwa haiyasahau yakazikwa naye. Milango ikafungwa, mafundi wakatawanyika, na majumba ya mji yakabaki na masanduku ukutani ambayo hakuna aliyejua ni nini. Watu huita jambo kama hilo usiri wa kazi. Siri ambayo mwenye mali mwenyewe haijui, na mlinzi wake haijui, haimlindi mtu. Ni kiburi kilichopigwa ribiti.

Mafundi wenyewe walikuwa na majina yao ya kupanga. Kulikuwa na Mkebe, dogo na zito. Kulikuwa na Kasuku, lenye kanda iliyopiga simu na kusema kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba ameibiwa, hata kama yupo kwenye kochi anakula karanga. Kulikuwa na Jicho Moja, lenye taa moja upande wa kulia. Na kulikuwa na Bubu. Kila moja lilikuwa na dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya jingine. Ndiyo maana lazima kwanza ujue unamtibu nani.

Taa ilikuwa moja, tena upande wa kulia. Nyaya alishuka kwenye kigoda akijiamini. "Hili ni Jicho Moja, mama. Bodi imekufa. Nakwenda kutafuta nyingine."

"Nenda. Kigoda kiache hapo, usije ukaanza tena kukivuta ukirudi."

Kamusi alikuwa na kibanda nyuma ya soko, akitengeneza feni na pasi. Zamani walimpa jina hilo kwa sababu alikumbuka kila nyumba waliyofunga. Sasa alikuwa na tumbo, miwani iliyofungwa uzi, na rundo la mabaki ya kampuni lililokaa chini ya meza kama mbwa mzee.

"Nyumba ya mkunga?" Kamusi alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye feni. "Ile yenye geti la buluu. Nilifunga mimi. Jicho Moja."

"Geti lake ni la kijani."

"Limepakwa."

"Una hakika na unachosema?"

"Mlinipa jina la Kamusi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ulikuwa mzito na hakuna aliyekufungua."

Kamusi alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akainama chini ya meza, akafukua, akatoa bodi ya Jicho Moja iliyofunikwa vumbi na utando wa buibui. "Chukua. Mwambie mkunga anisalimie. Nakumbuka hata chai aliyotupa."

Kesho yake Nyaya alirudi kwenye kigoda. Alifungua kifuniko, akaishika bodi aliyopewa mbele ya nafasi yake, akaona matundu yake hayakutani na ribiti za ile ya zamani. Si tatizo, alijiambia, matundu hutobolewa. Akachukua plagi ya nyaya ili aichomeke. Plagi ilikuwa na meno mengi kuliko matundu ya bodi. Akaigeuza. Bado. Akaigeuza tena, kama vile meno yangepungua kwa aibu. Bisibisi ikamponyoka, ikaviringika, ikaingia chini ya kabati la vyombo.

"Sasa limekutukana," alisema Mama Mkunga.

Nyaya alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kabati, akatoa kijiko, kifuniko cha chupa, na mwishowe bisibisi. Alipoinuka, kiuno kililalamika. Alikuwa mtu wa zaidi ya makamo, na kupanda na kushuka kigoda kwa ajili ya kosa la mtu mwingine kulimtia hasira kuliko kazi yenyewe. Akarudi sokoni jua likiwa kali.

"Haliingii," alisema, akiitua bodi mezani kwa Kamusi.

Kamusi aliitazama, akajikuna. "Basi ni Mkebe."

"Mkebe lilikuwa nusu ya lile."

"Basi ni Kasuku."

"Kasuku lilikuwa na kanda. Hili halina hata mahali pa kuwekea kanda."

"Iliibiwa."

"Mwizi aingie nyumbani, aache televisheni, aibe kanda?"

"Labda alipenda muziki."

"Kamusi, Jumapili yule mama anahamishwa nyumbani kwake. Mimi sina hali ya mzaha."

Kamusi aliweka koleo chini. Uso wake ulibadilika. "Nyaya, usinilaumu. Mimi nilikuwa nakumbuka vifuniko. Nyumba fulani, kifuniko fulani. Na mzee alituambia tuvichanganye, nasi tukavichanganya. Hata hiyo chai, sasa sina hakika kama ilikuwa ya mkunga."

Nyaya alisimama pale, feni zisizo na mapanga zikimtazama kutoka kila rafu. Alijikasirikia. Kifuniko! Alikuwa amelitambua sanduku kwa kifuniko, yeye ambaye kwa mikono yake alivivisha masanduku nguo za wenzao ili wajinga wadanganyike. Sasa mjinga wa kwanza kudanganyika alikuwa yeye.

Jioni hiyo alikula bila kusema. Mkewe, fundi wa kushona, alikuwa amekaa karibu naye akipinda nguo ya mteja, sindano mdomoni. Alimwacha anune mpaka sahani ikawa tupu, kisha akatoa sindano.

"Haya, baba watoto, sema. Umeikunja sura mpaka inahitaji pasi."

Akamweleza. Mkewe alisikiliza, halafu akacheka kicheko kifupi kisicho na huruma. "Kwa hiyo mliwaficha wezi jina, mkajificha na nyinyi wenyewe."

"Ndiyo sheria ilivyokuwa."

"Sheria! Mimi ningekwangua lebo za nguo za watu mngesema nimerukwa na akili." Alirudi kwenye kazi yake, akasema kama mtu anayezungumza na kitambaa, "Nguo nikiletewa haina lebo, na kola imebadilishwa, sihangaiki nayo juu. Nageuza pindo la chini. Kila kiwanda kina pindo lake, na hakuna anayekumbuka kulibadilisha."

Nyaya aliuacha mkono wake juu ya meza. Kisha akasema polepole, "Mwisho wa waya."

"Nini?"

"Pindo, mke wangu. Mwisho wa waya."

Waya wa kengele hutoka sandukuni, hupita dirisha kwa dirisha na mlango kwa mlango, na katika dirisha la mwisho kabisa huwekwa kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye mistari ya rangi. Mafundi hukiita rizista. Kazi yake ni kuliambia sanduku kwamba waya mzima upo salama, haujakatwa wala haujaunganishwa kwa hila njiani. Na kila kiwanda kilikuwa na rizista yake, kwa rangi zake. Sanduku lisipokutana na rangi zake halitulii. Mzee Kifuniko aliweza kubadilisha vifuniko, lakini rizista hakuweza kuibadilisha, kwa kuwa kengele isingefanya kazi. Huko mwisho wa waya, ndani ya fremu ya dirisha, ukweli ulikuwa umeachwa kwa lazima.

Kilichobaki ni kulijua dirisha la mwisho, na hapo tena hapakuwa na wa kumuuliza. Asubuhi alianza na dirisha la jikoni, la sebuleni, la chumba cha kulala, akifungua vifuniko vidogo vya sumaku zinazohisi dirisha likifunguliwa, kimoja baada ya kingine, na katika kila kimoja waya uliingia na kutoka, ukaendelea mbele. Rangi ya ukuta ilikuwa imepakwa juu ya skrubu, na ilibidi aikwangue kwanza. Mara mbili skrubu ilikatika kichwa. Mama Mkunga alimfuata chumba kwa chumba na kitambaa, akifuta vumbi nyuma yake na kuguna.

"Mlipofunga mlikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Kwa mteja mwingine, mama."

"Maskini mteja mwingine."

Waya wa mwisho uliingia katika chumba cha stoo, nyuma ya kabati kubwa la marehemu mumewe. Kabati hilo halikuwa limesogezwa tangu msiba. Mama Mkunga alilitazama kidogo, kisha akaweka bega lake upande mmoja, Nyaya akaweka lake upande wa pili, wakalisukuma. Nyuma yake palikuwa na dirisha dogo lenye pazia lililofifia. Akafungua kifuniko. Waya uliingia. Haukutoka. Na hapo, kati ya skrubu mbili, palikaa kidude kama punje ya mchele.

Akakifuta kwa kidole. Kahawia, nyeusi, chungwa.

Furaha yake ilidumu muda wa kuvuta pumzi. Aliijua. Aliyekariri rangi hizo ujanani hazisahau, kama mtoto asivyosahau jedwali la kuzidisha alilochapwa nalo. Kisha alielewa alichokijua, akakaa juu ya sanduku la nguo kuukuu.

"Vipi?" Mama Mkunga aliuliza. "Umemjua?"

"Nimemjua, mama. Ni Bubu."

"Na Bubu anaponaje?"

"Haponi."

Akamweleza, kwa maneno ya kawaida. Masanduku mengine yote yakiugua hulalamika kabla ya kufa. Yanapiga mlio, yanapepesa taa, yanasumbua mpaka fundi aitwe. Bubu halilalamiki, ndiyo maana wakaliita hivyo. Lina betri ndogo iliyofunikwa ndani ya lami ngumu, na betri hiyo ndiyo inayoshika akili yake. Ikifa, akili yote inafutika, na kulifundisha upya kulihitaji mashine ya kiwandani, na kiwanda chenyewe kilishafungwa. Ila taa yake nyekundu haipiti kwenye akili. Imeungwa na umeme wa nyumba kupitia ufunguo tu. Sanduku linaweza kuwa limekufa, taa ikaendelea kuwaka.

Mama Mkunga alikunja kitambaa chake mara kadhaa mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Limekufa lini?"

"Hakuna anayejua. Huenda mwaka jana. Huenda kabla ya msiba wa mzee wako."

"Kwa hiyo nililindwa na taa."

"Na taa, mama, na Mungu."

"Funga sanduku jipya, basi."

"Nitafunga, lakini kwa Jumapili haiwezekani. Nyumba nzima inataka nyaya mpya na sumaku mpya. Hizi zimeliwa na kutu."

Mama Mkunga alifikiri. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ile ya chumba cha kujifungulia, sauti ambayo haijadiliwi. "Sikiliza. Hicho king'ora cha nje kizima?"

"Kizima."

"Basi chukua waya, utoe kwenye dirisha la jikoni tu mpaka kwenye king'ora. Mwanangu atafungua dirisha, kitalia, ataridhika, ataondoka. Hayo mengine tutajua mimi na wewe, baadaye."

Ilikuwa kazi ndogo. Hata mwanagenzi angeweza. Nyaya aliona jinsi itakavyokuwa: kijana anafungua dirisha, kelele, kicheko, chai, gari linaondoka, na mama amebaki kwake. Na alitaka abaki. Hakuna kitu alichokitaka zaidi wiki ile.

"Sitaweza, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nikikufungia hivyo, nimekufungia taa ya pili. Mwizi akiingia kwa dirisha la stoo, wewe utakuwa umelala unamtegemea askari ambaye hayupo. Na mwanao atakuwa amelala hukohuko kwake, naye anamtegemea."

"Huyo mwizi miaka yote hii hajaingia."

"Hajaingia. Lakini mimi siwezi kusema 'kengele nzima' kwa mdomo huu huu niliosemea 'imekufa'. Mama, wewe ni mkunga. Unajua mficha uchi hazai."

"Usinifundishe kazi yangu," Mama Mkunga alisema kwa ukali. "Nilipomzalisha mkeo nilimwambia mtoto hajambo, wakati kitovu kiko shingoni. Ningemwambia ukweli angekosa nguvu ya kusukuma."

"Ulimwambia hajambo huku mikono yako inakitoa. Mimi hapa sina cha kutoa."

Walitazamana katika chumba kile chenye harufu ya nguo za marehemu. Mwishowe mama akageuka. "Basi Jumapili usije."

Jumamosi mwana wa Mama Mkunga alimpigia Nyaya simu, kwa upole ule ule. Angependa fundi awepo, ili amweleze mambo ya kiufundi. Nyaya alitafuta sababu ya kukataa, kila sababu aliyoipata ilikuwa ya uongo, akasema atakuja.

Alipofika, masanduku mawili ya nguo, matupu, yalikuwa yamesimama sebuleni karibu na mlango. Mama Mkunga alivaa vazi lake la kutokea, kana kwamba anakwenda mahakamani. Hakumwitikia salamu. Mwanawe alizungusha ufunguo ubavuni mwa sanduku, taa ikawaka kama kawaida yake, akaenda jikoni, akafungua dirisha. Wote watatu walisikiliza. Kwa jirani mtu alikuwa akipiga misumari.

"Fundi bado hajamaliza," Mama Mkunga alisema haraka. "Kuna kifaa anakisubiri. Wiki ijayo kitafika. Si ndiyo, fundi?"

Akamtazama. Kijana naye akamtazama. Halikuhitajika hata neno, kutikisa kichwa tu kungetosha. Nyaya alihisi shingo yake inataka kutii, kama shingo ya mtu anayesinzia.

"Hapana," alisema. "Hakuna kifaa. Sanduku hili limekufa na halitafufuka. Sijui limekufa tangu lini. Ikitakiwa kengele, itafungwa mpya, na haitakuwa wiki ijayo."

Mama Mkunga alifumba macho. Mwanawe alifunga dirisha taratibu, akaketi kwenye kiti cha mlangoni mwa jikoni.

"Lakini kila nikipiga simu nakuuliza, mama. 'Umetega kengele?' Unaniambia nimetega."

"Nilitega. Ufunguo nilizungusha, taa ikawaka. Ulitaka nini zaidi?"

"Mimi nilikuwa nalala usingizi kwa ajili ya hiyo kengele."

"Najua," alisema mama yake, na sasa ghadhabu yote aliyomwekea fundi ikapata pa kwenda. "Najua ulilala. Ndilo swali lako la pekee, kila simu. Umetega kengele. Hujauliza goti langu. Hujauliza nimeongea na nani leo. Ukisikia imetegwa, unaaga. Hilo bati lilikuwa mwana wangu kuliko wewe, nalo kumbe limekufa."

"Mama, mbele ya mtu."

"Mtu huyu ndiye aliyeanza kusema ukweli, na mimi siwezi kumwachia peke yake. Siendi kwako. Nilikuwa nasingizia kengele. Ingelia, isingelia, siendi. Kwako nalala chumba cha watoto, mkeo ananiuliza kama nataka chai katika nyumba ambayo sijui sukari iko wapi. Hapa nikiugua nitajua ukuta wa kushika."

Kijana alisugua uso kwa viganja. Alipoongea, upole wake ulikuwa umeisha, na bila upole alionekana mdogo, na mchovu. "Na ukianguka? Nani atajua? Unafikiri mimi nimekuja na masanduku haya kwa raha? Mke wangu hataki, watoto hawataki kuhama chumba, nimegombana na nyumba nzima. Nimekuja kwa sababu siwezi kukaa na picha ya wewe umeanguka kwenye korido hii na hakuna anayejua."

Hilo Mama Mkunga hakuwa amelijua. Alishuka kidogo katika kiti chake.

Hawakuelewana siku hiyo kwa namna ya hadithi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama alikubali jambo moja: nesi mmoja aliyewahi kufanya naye kazi, ambaye alikuwa akitafuta chumba, aje akae katika chumba cha stoo. Mwana alikubali kwamba yeye ndiye atakayeliondoa kabati la baba yake, na kwamba atakuja mwenyewe kulifanya. Walipoishia hapo kila mmoja alikuwa amenuna. Kijana aliyachukua masanduku yake, matupu kama alivyoyaleta, akayatupa kwenye buti la gari kwa kishindo, akaondoka.

Nyaya alikusanya vifaa vyake. Mama Mkunga alisimama getini.

"Ungetikisa kichwa tu," alisema, "saa hizi ningekuwa nakunywa chai kwa amani."

"Ungekunywa, mama."

"Sasa nitagombana na mwanangu kwenye simu mwaka mzima."

"Utagombana."

"Na sina kengele."

"Huna, mama. Ila sasa unajua huna."

Alimtazama kwa jicho ambalo lilikuwa limetisha wanaume wengi katika korido za hospitali. Hakumshukuru, wala hakumkaribisha tena. Aliingia ndani akafunga mlango, na Nyaya akasikia komeo likisukumwa, kisha la pili, kisha kiti kikiburutwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, begi la vifaa likimkata bega. Hakujisikia mshindi. Fundi akitoka kwenye nyumba ya mtu na kitu kimekufa vilevile alivyokikuta, hakuna sifa inayomfaa, hata akiwa amesema kweli tupu. Alimkasirikia Mzee Kifuniko aliyelala kaburini na majibu yote. Alimkasirikia Kamusi na chai yake. Njiani alipita nyumba baada ya nyumba alizozijua, na ndani ya baadhi yake, ukutani kwenye korido, alijua taa nyekundu zilikuwa zinawaka, na wenye nyumba walikuwa wameridhika. Alisimama mbele ya geti moja. Akatua begi, akakunja mikono ya shati, akabisha hodi.